Fundo la kwanza ni la kurudi nyumbani: panga pesa za safari ya Pwani na familia

Shule zikifungwa, nyumba nyingi huwa na wimbo mmoja tu: "Tunaenda Mombasa lini?" Mzazi anajibu "tutaona," huku moyoni anapiga hesabu. Mafuta, vyumba, chakula, ada za kuingia huku na kule. Halafu nyuma ya hesabu yote hiyo kuna Januari, imekaa pale inakungoja na karo, sare na vitabu. Si bure Wakenya tukaubatiza mwezi huo Njaanuari.

Leo tunataka kuongea na wewe unayepanga kushuka Pwani kwa gari na familia, mkisimama vituo kadhaa njiani. Hatutakuambia usiende. Nenda! Ila tunataka uende na urudi salama, na ukirudi usianze mwaka kwa mkopo wa simu. Tutakusimulia pia kisa cha mwenzetu mmoja wa hapa hapa ofisini. Yeye mwenyewe ametuomba tukisimulie, ili kisimpate mwingine.

Leso ya Shosho

Mwenzetu huyu hufanya kazi kitengo cha huduma kwa wateja. Desemba iliyopita aliamua kumpeleka mama yake, mwenye miaka 71, akaione bahari. Marehemu baba yake alifanya kazi bandarini Kilindini kwa miaka mingi, na kila mwisho wa mwezi alimpa mtu anayepanda basi bahasha ya pesa aipeleke nyumbani Nyeri. Mama alizipokea bahasha hizo, akalea watoto nazo, lakini Mombasa yenyewe hakuwahi kuikanyaga. Wajukuu waliposikia hivyo, safari ikawa lazima.

Walikuwa watu watano: wazazi wawili, watoto wawili na Shosho. Kuanzia Machi hadi Novemba waliweka shilingi 10,000 kila mwezi, jumla 90,000. Karo ya Januari ilikuwa kando kabisa, kwenye akiba iliyofungwa isiyotoka mpaka tarehe yake ifike.

Jioni moja mwenzetu akachukua kalamu apige bajeti. Akaanza pale wengi wetu tunapoanzia, yaani nyumba ya kulala. Shosho akamkatiza.

"Mwanangu, mimi nikienda soko hufunga pesa kwenye leso. Fundo la kwanza ni la nauli ya kurudi. Hilo silifungui hata nikiona ndizi nzuri namna gani. Nikishalifunga hilo, ndio naangalia nimebaki na nini."

Hapo ndipo bajeti ilipogeuka. Badala ya kuanzia mwanzo wa safari, walianzia mwisho, wakazigawa zile 90,000 hivi:

- Fundo la kurudi: 15,000. Mafuta 9,000, na 6,000 ya chakula, tairi, au chumba dereva akichoka.
- Fundo la kwenda: 20,000. Mafuta 11,700, vyumba viwili Voi usiku mmoja 6,000, chakula njiani 2,300.
- Fundo la Mombasa, usiku mbili: 20,000.
- Fundo la Watamu na Malindi, usiku tatu: 30,000. Nyumba 21,000, chakula na matembezi 9,000.
- Fundo la dharura: 5,000.

Bajeti yako inaweza kuwa nusu ya hii au mara mbili yake. Kiasi si hoja. Hoja ni mpangilio: kurudi kwanza, kisha kila kituo na fundo lake. Ukichanganya zote kwenye salio moja, unaona 90,000 siku ya kwanza na unajiona tajiri. Siku ya nne unashangaa zimeenda wapi.

Mafuta: usikisie, hesabu

Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480. Mombasa hadi Malindi ni kama 120 zaidi. Kwa hivyo kwenda ni 600 na kurudi 600. Ongeza 150 za kuzunguka mkiwa huko, zinakuwa 1,350. Gari ndogo inayokula lita moja kwa kilomita 12 itahitaji takriban lita 113. Kama lita ni shilingi 180, tayari hiyo ni zaidi ya shilingi 20,000, na hujanunua hata madafu.

Bei ya mafuta hutangazwa na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi na kuanza kutumika tarehe 15. Kama safari yako inavuka tarehe hiyo, piga hesabu na nafasi ya bei kupanda. Vituo vingi vya mafuta kwenye barabara kuu vinapokea malipo kwa Till. Lipa kwa Till, soma jina la kituo kabla ya kuweka PIN, na usiondoke mpaka mhudumu akubali kwamba ujumbe umeingia kwake pia.

Makindu, Mtito Andei, Voi

Ukiwa na watoto na mzee ndani ya gari, usijaribu kushindana na malori mpaka Mombasa kwa siku moja. Barabara ya Nairobi–Mombasa ina malori mengi, na usiku ni hatari zaidi. Anza alfajiri, simama kila baada ya saa mbili, na ikiwezekana lala njiani.

Makindu, kama kilomita 160 kutoka Nairobi, kuna hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926. Wasafiri wa dini zote hukaribishwa kula bila malipo. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakula kwa heshima. Mtu akitaka kutoa sadaka hutoa. Shosho alisimama pale akasema hajawahi kuona hoteli isiyotaka pesa. Wakatoa walichojaliwa, na fundo la kwenda likapumua kidogo.

Mtito Andei ni karibu nusu ya njia, na ndipo wengi hula na kujaza mafuta. Voi iko kama kilomita 150 kabla ya Mombasa, na inafaa kulala. Kati ya miji hii mnapita Tsavo, na kuna vipande vya njia ambapo mtandao unaweza kuyumba. Kwa hivyo usisubiri mpaka uwe porini ndio utafute kutoa pesa. Toa kiasi kidogo ukiwa mjini, mchana, kwa wakala mwenye duka linaloonekana. Beba kitambulisho chako halisi, maana bila hicho wakala hapaswi kukuhudumia. Na ujue siku za sikukuu mawakala huishiwa, hasa jioni.

Taslimu ya kubeba iwe ya vitu vidogo: maegesho, choo cha njiani, mahindi ya kuchoma, bodaboda. Shilingi 2,000 au 3,000 kwa noti ndogo ndogo zinatosha kwa siku. Zingine ziache kwenye simu.

Na zisikae zote kwenye simu moja. Simu ikianguka baharini au ikiibiwa stendi, safari nzima imekwama. Mwenzetu alibeba mafundo ya vituo kwenye laini yake. Fundo la kurudi alilituma kwa mkewe kabla hawajatoka Nairobi, akamwambia, "Hata nikikuomba, ninyime."

Mombasa: mji wa kutembea polepole

Mombasa unaweza kufurahi bila kumwaga pesa. Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, iko hatua chache tu kutoka Mji wa Kale. UNESCO iliitambua kama Urithi wa Dunia mwaka 2011. Ada ya mwananchi si sawa na ya mgeni, na ya mtoto si sawa na ya mtu mzima, kwa hivyo bebeni vitambulisho.

Baada ya hapo tembeeni vichochoroni, mle viazi karai, asubuhi mle mahamri kwa mbaazi, jioni mteremke Mama Ngina mkanywe madafu mkiangalia meli zikiingia. Ni hapo Mama Ngina ambapo Shosho aliiona bahari. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Na huko bandarini alikokuwa akifanya kazi ni upande gani?" Wakamwonyesha zile meli zinakoelekea.

Kwa wauzaji wa barabarani, uliza bei kwanza, kisha uliza, "Till ama taslimu?" Wengine watakupa nambari yao ya simu utume. Kutuma kuna ada kulingana na kiasi, ilhali kwa Till mteja hakatwi. Ukituma mara kumi kwa siku, ada ndogo ndogo zinakusanyika. Nunueni kwa pamoja, mlipe mara moja.

Jambo lingine: chagua upande mmoja. Kusini ni Diani, unakofika kwa feri ya Likoni au kwa barabara ya Dongo Kundu. Kaskazini ni Kilifi, Watamu na Malindi. Familia inayotaka pande zote mbili kwa siku tano huishia kuiona barabara zaidi ya bahari, na mafuta ndiyo yanayokula raha yote.

Langoni Watamu

Kutoka Mombasa mwenzetu alivuka daraja la Nyali, akapita Mtwapa, akavuka daraja la Kilifi lililochukua nafasi ya feri mwaka 1991. Mbele yake msitu wa Arabuko-Sokoke ukawa pembeni mwa barabara, na pale Gede akakata kulia kuelekea Watamu. Watoto walikuwa wameshavaa nguo za kuogelea.

Nyumba walikuwa wameiona mtandaoni wiki tatu kabla. Vyumba viwili, jiko, hatua chache kutoka ufukweni, shilingi 7,000 kwa usiku. Mtu aliyejiita msimamizi aliwaambia kuna familia nyingine mbili zinaitaka, kwa hivyo walipe nusu, 10,500, siku hiyo hiyo. Nambari ilikuwa ya simu ya mtu binafsi. Mwenzetu alipoandika kiasi, jina lililotokea halikuwa la yule aliyekuwa akiongea naye. Alipouliza, akaambiwa, "Ni ya mke wangu, tuma tu." Akatuma.

Nyumba ilikuwepo kweli. Picha zilikuwa za kweli. Mlinzi alitoka, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Pole sana, kaka. Hapa hapakodishwi. Mwenyewe anaishi humu humu. Nyinyi ni familia ya tatu mwezi huu."

Simu ya msimamizi ilikuwa imezimwa. Jua kali, watoto wanauliza maswali, Shosho amekaa kiti cha nyuma na leso yake. Mwenzetu anatuambia kilichomuuma zaidi hakikuwa pesa. Kilichomuuma ni kwamba kila siku kazini huwaambia wateja: soma jina kabla ya PIN. Alilisoma. Jina lilimwambia ukweli, yeye akachagua kusikiliza sauti.

Kabla ya kutuma malipo ya awali

Wezi hawa wanajua Desemba watu wana haraka, na wanajua utagundua ukiwa umeshafika, mbali na kwenu. Kwa hivyo fanya haya ukiwa bado nyumbani:

- Omba Till au Paybill yenye jina la biashara. Nyumba nyingi nzuri za kukodi zinayo.
- Jina linalotokea kabla ya PIN lilingane na la biashara au la mtu unayeongea naye. Halilingani? Simama hapo. Hakuna maelezo ya "ni ya mke wangu" yanayotosha.
- Omba simu ya video sasa hivi, sio video iliyorekodiwa. Mwambie atoke mpaka langoni na barabarani. Msimamizi wa kweli ataweza, kama si leo basi kesho.
- Muulize mtu aliye huko. Karibu kila familia ina binamu, mwanafunzi mwenzao wa zamani au mwanachama wa kanisa au msikiti aliye Kilifi, Watamu au Malindi. Kupita nje ya nyumba ni dakika chache tu.
- Ogopa haraka. "Watu wengine wanaitaka" ni maneno ya kukuzuia usifikiri.
- Kama kuna njia ya kulipa mkifika, lipa mkifika, hata kama bei ni juu kidogo.

Na ikiwa umeshatuma? Tupigie mara moja, dakika hiyo hiyo, usingoje jioni. Pesa zikiwa bado kwenye akaunti ya aliyezipokea, tunaweza kujaribu kuzizuia. Zikishatolewa, inakuwa vigumu sana, na hatutakudanganya kwamba tunaweza kuzirudisha. Usifute ujumbe wala mazungumzo yenu. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu, uandikishe, upewe nambari ya OB. Mwenzetu alipiga, lakini zile 10,500 zilikuwa zimetolewa wiki tatu nyuma.

Kuna mtego wa pili: ukishaibiwa, mtu atakupigia akijifanya ni sisi, akisema anarudisha pesa zako ukimpa PIN. Hatuulizi PIN. Hatutawahi kuiuliza.

Fundo halifunguliwi ufukweni

Pale langoni, mwenzetu aliangalia salio. Kwenye fundo la Watamu na Malindi zilibaki 19,500. Dharura 5,000. Kando ya barabara kulikuwa na hoteli ya ufukweni yenye nafasi, lakini kwa usiku tatu ingetaka karibu zote. Akamgeukia mkewe. "Tuchukue kidogo kwenye ile ya kurudi. Tutajua mbele."

Mkewe alikumbuka alichoambiwa Nairobi. Lakini Shosho ndiye aliyejibu. "Fundo la kurudi halifunguliwi ufukweni."

Basi wakakaa chini ya mwembe wakapanga upya. Walipunguza usiku mmoja. Waliendelea hadi Malindi mjini, wakapata nyumba ya wageni ya kawaida, vyumba viwili kwa 5,000, mbali kidogo na bahari. Usiku mbili, 10,000, walilipa mkononi kwa Till wakiwa wamesimama ndani ya chumba. Waliona nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika Malindi mwaka 1498, na watoto wakaoga baharini mpaka wakachoka. Siku ya pili walirudi Gede kuona magofu ya mji wa Waswahili ulioachwa katika karne ya 17, ambao UNESCO iliuorodhesha kama Urithi wa Dunia mwaka 2024. Shosho alipenda Gede kuliko kote. Alisema kuta zile zinaonyesha watu walipanga.

Kidokezo cha upande huo: mbuga za baharini za Watamu na Malindi ziko chini ya KWS, na malipo yake hupitia eCitizen, sio taslimu. Fungua akaunti kabla hujatoka nyumbani. Paybill ya huduma za serikali ni 222222. Mtu akikupa nambari yake binafsi langoni "akusaidie haraka," mshukuru na umkatalie.

Wakati wa kurudi, kabla ya Mtito Andei, tairi ya nyuma ilipasuka. Walifunga ya akiba, wakafika mjini, wakanunua nyingine iliyotumika kwa 4,500. Pesa zilitoka wapi? Kwenye zile 6,000 za fundo la kurudi. Kama zingekuwa zimeachwa kwenye hoteli ya ufukweni, wangekuwa wanapigia jamaa simu kando ya barabara, au wanagusa karo. Hawakufanya yote mawili. Januari watoto walienda shule wamelipiwa.

Wiki hii, anza hivi

Kaa chini na familia, watoto pia wawepo. Andikeni vituo vyenu kwa mpangilio, kutoka wa mwisho kurudi wa kwanza. Karo na kodi ya Januari ziwekeni kwenye akiba yenye kufuli, mchague tarehe ya kufunguka baada ya sikukuu. Kisha fungeni fundo la kurudi na mlikabidhi kwa yule mwenye mkono mzito zaidi nyumbani. Kinachobaki ndicho cha safari. Kama kinafika Voi tu, nendeni Voi mkaone ndovu. Bahari haihami.

Mkisharudi, omba taarifa ya miamala yako ya siku zile. Ipitieni pamoja, kituo kwa kituo. Mtaona wapi fundo lilikuwa dogo na wapi lililegea, na safari ijayo itaanzia hapo.

Mwenzetu bado yuko kitengo cha huduma kwa wateja. Ukimpigia uko karibu kutuma malipo ya nyumba, atakuuliza, "Jina lililotokea ni la nani?" Na hatakuachia simu mpaka umjibu.

Safari njema, na mrudi salama.